Mfanya Usafi Aliyenifundisha Ukunga

Wanangu, nyinyi mliovaa sare nyeupe juzi juzi na bado mnaipiga pasi kila asubuhi, naanza na jambo linalonitia aibu. Nilifanya kazi na mtu mwaka mzima bila kujua jina lake. Na hakuwa mtu wa mbali. Ndiye aliyepiga deki leba yangu, aliyetoa ndoo zangu za damu, aliyeniletea maji ya moto kabla sijayaomba. Tulimwita Bubu. Mganga mfawidhi alimwita Bubu, mimi nilimwita Bubu, na hata wagonjwa waliolala siku mbili walijifunza kusema, "Mwambieni Bubu aje afute hapa." Hatukumwambia, maana hasikii. Tulimpungia mkono tu, akaja na ndoo yake, tukaona inatosha.

Jina lake ni Furaha. Nililijua siku ambayo sikustahili kuambiwa jina la mtu yeyote. Nitafika huko.

Mimi ni Tausi, mzaliwa wa Ujiji, mkunga mstaafu. Kituo chetu cha afya kilikuwa upande wa ziwani, na upepo ukitoka Katonga, kwa wavuvi, tulijua dagaa wameanikwa kabla hatujafungua dirisha. Wajawazito walitujia kwa miguu, kwa pikipiki na kwa boti, wengine wakitoka vijiji ambavyo barabara haijafika mpaka leo.

Kazi nilifundishwa na Mama Salome, mkunga wa zamani, mwanamke mfupi mwenye sauti ndefu. Enzi zake hapakuwa na mashine ya kusikiliza mapigo ya mtoto. Tulikuwa na pembe ya mbao, unaibana kati ya sikio lako na tumbo la mama, unashika pumzi yako mwenyewe na kuhesabu. Pembe hiyo aliniachia. Pia aliniachia imani kwamba leba inaongozwa kwa mdomo. "Tausi," alikuwa akiniambia, "mikono yako inapokea, lakini anayemtoa mtoto ni sauti yako. Mama akikuogopa kidogo, atakusikiliza."

Niliipokea imani hiyo kwa mikono miwili. Nikisema "Sukuma, mama!" nasikika mpaka dirisha la dawa. Kuna mzee aliyekuwa kwenye foleni ya dawa za kikohozi aliniambia siku moja, "Sista, leo na mimi nimesukuma." Nilicheka sana, na nikajisifia neno hilo miaka mingi. Sikujiuliza hata mara moja ningefanya nini siku sauti yangu itakapokosa kazi.

Siku yenyewe ilikuja saa nne asubuhi, tukiwa na kliniki ya watoto na kelele zake zote. Aliletwa mama mchanga, mimba ya kwanza, kutoka kijiji kimoja cha kaskazini. Alikuja kwa boti na mama mkwe wake, bibi aliyezungumza Kiha zaidi kuliko Kiswahili. Pale mapokezi yule bibi alieleza kwamba mkwewe hasikii tangu utotoni. Aliyempokea aliitikia "ndiyo, bibi," akaandika uzito na presha, akaliacha hilo lingine. Kadi ikanifikia ikiwa safi. Na kwa kuwa sheria yetu wakati huo ilikuwa ndugu wabaki nje, bibi akabaki nje na habari yake.

Nilimpima, njia ilikuwa bado. Mnajua wenyewe hatari ya kusukuma kabla ya wakati. Yeye akaanza kusukuma. Nikamwambia aache. Akasukuma. Nikapaza sauti, akafumba macho na kusukuma tena. Nilikuwa na mwingine kitanda cha pili, na mwanafunzi wangu siku hiyo alikuwa ameitwa kliniki. Hizo ni sababu ninazozijua mimi, hazibadilishi kilichofuata. Nilimpiga kofi la paja.

Alifumbua macho akanitazama. Sijawahi kuona mtu akishangaa vile. Hakujua kosa lake.

Kumbe mlangoni alikuwa amesimama yule mfanya usafi na deki yake. Aliiegemeza ukutani, akanawa mikono pale sinki kama anavyoniona nikinawa kila siku, akaingia. Hakuniomba ruhusa. Alizunguka kitanda mpaka akawa mbele ya uso wa yule mama, akamgusa kifundo cha mkono, akasubiri. Yule mama alipomtazama, Furaha alionyesha sikio lake mwenyewe, akatikisa kichwa. Kisha akamwonyesha yule mama kidole, akanyanyua nyusi kuuliza. Mama akaitikia kwa kichwa, machozi yakamtoka yote kwa pamoja.

Nilisimama na glavu zangu kama mwanafunzi wa wiki ya kwanza.

Furaha alinyanyua kiganja: acha. Akakunja midomo, akapuliza pole pole, kama mtu anayepoza uji. Yule mama akaiga. Uchungu ukaja, wakapuliza wote wawili wakitazamana, ukapita. Baadaye Furaha alinieleza kwa maandishi kwamba yule mama hakuwahi kwenda shule ya viziwi. Ishara zake zilikuwa za nyumbani kwao tu, kwa hiyo Furaha naye hakutumia zile alizosoma shuleni. Alitafuta njia ya kueleweka na yule aliyekuwa mbele yake. Mimi nilikuwa na cheti cha ukunga na sikuwa nimetafuta.

Njia ilipofunguka nilimwonyesha Furaha kwa vidole. Alikuwa amenitazama mwaka mzima, alijua vidole vile vina maana gani. Akakaza ngumi na uso, yule mama akasukuma. Kichwa kikatoka, na mimi nikaona kamba ya kitovu imezunguka shingo mara mbili. Hapo ndipo siku zote napiga kelele, "Usisukume, mama, usisukume!" Safari hii nilinyanyua kiganja kwa Furaha, naye akakinyanyua kwa mama, mama akapuliza. Nikapitisha duara la kwanza juu ya kichwa, nikapitisha la pili. Nikamwitikia Furaha kwa kichwa. Ngumi ikakazwa tena, na mtoto akaja.

Alikuwa wa kike, rangi yake haikunipendeza. Nikamfuta, nikamsugua mgongo. Akakaa kimya. Nikamsugua tena, akalia kwa hasira. Nilipoinua uso niliwakuta wanawake wawili wananikodolea macho. Walikuwa wanasoma usoni kwangu kama mtoto analia.

Nikaitikia kwa kichwa. Nikamlaza mtoto kifuani kwa mama yake, naye akaweka kiganja juu ya mgongo mdogo ule, akausikia ule mlio kwa mkono wake.

Nilipokuwa navua glavu, Furaha alitoa daftari dogo mfukoni mwa aproni na kipande cha penseli. Aliandika, akanipa. Hati nzuri, nzuri kuliko yangu. "Jina langu ni Furaha. Umempiga kwa sababu hasikii. Mimi pia sisikii."

 Nilipoinua macho kwenye karatasi, alikuwa ameshachukua deki yake na anafuta sakafu.

Kesho yake niliandika kwenye kikaratasi "Nisamehe," nikampelekea. Akakisoma, akaandika chini yake, "Hukunipiga mimi." Basi. Ikabidi niende wodini kwa yule mama kabla hajaruhusiwa, Furaha mbele na mimi nyuma. Nilionyesha mkono wangu, nikaonyesha paja lake, nikaweka mkono kifuani na kuinamisha kichwa. Furaha alieleza kwa njia yake. Yule mama alinitazama muda mrefu, kisha akavuta kanga akafunika mapaja, akamgeukia mwanawe. Sikuambiwa nimesamehewa, na sikudai.

Kwa hiyo mtu akiwaambia kwamba Mama Tausi alikuwa mtetezi wa watu wenye ulemavu, mjue nilianzia hapo.

Tulianza kufundishana baada ya siku ile, tukikaa kwenye benchi la nyuma wakati wa chai. Furaha alipoteza usikivu kwa homa akiwa na miaka sita hivi. Wazazi wake ni watu wa asili ya Kongo, waliokaa Katonga siku nyingi. Mama yake anauza dagaa wakavu. Walimpeleka shule ya viziwi mkoa mwingine, akasoma mpaka kidato cha nne, akarudi na cheti chake. Kazi pekee aliyopata ni deki, tena kwa mkandarasi wa usafi, si kwetu. Nilimuuliza kwa maandishi kwa nini hakuwahi kutuambia amesoma. Akaandika, "Mliniuliza?"

Vidole vyangu vilikuwa vizito. Kuna siku nilitaka kumuuliza kama amekula, nikakosea ishara, akacheka mpaka akashika ukuta. Akaandika, "Umeniuliza kama nimeolewa na ugali." Lakini nilishika machache, na hayo machache nawaachia.

Mgonjwa asiyesikia, usimwite kwa nyuma. Njoo mbele yake, mguse mkono, subiri akutazame. Simama pale mwanga unapokupiga wewe usoni. Ukilipa dirisha mgongo anaona kivuli kinachotafuna maneno. Shusha barakoa kama hali inaruhusu. Usipige kelele, kelele zinapindisha mdomo anaousoma na hazisaidii sikio. Kama kuna mkalimani, zungumza na mgonjwa, mtazame mgonjwa. Usiseme "mwambie avue." Yupo hapo. Na ukimaliza kueleza dawa, mwache akuonyeshe yeye atakavyozimeza, maana kuitikia kwa kichwa tunaitikia sote hata tukiwa hatujaelewa.

Kingine nilikigundua mwenyewe. Ukiwa na pembe ya mbao tumboni mwa mama kiziwi, mkono wako mwingine uko bure. Mshike kiganja, gonga kwa kidole mapigo ya mtoto jinsi unavyoyasikia. Tuk-tuk-tuk-tuk. Mashine za siku hizi zinamtangazia kila mtu chumbani isipokuwa yeye.

Sasa nije kwenye kosa langu la pili, maana la kwanza angalau nililifanya kwa haraka. Hili nililifanya nimekaa kwenye kiti.

Mwaka uliofuata kituo kilipata nafasi moja ya mhudumu wa wodi ya wazazi, kwa mkataba, chini ya kamati ya kituo. Walitaka mtu wa kidato cha nne anayejua kusoma na kuandika vizuri. Furaha aliomba. Tulikaa watatu kuchambua barua: mganga mfawidhi, Dakta Elisha, kijana mwenye bidii na haraka; mwenyekiti wa kamati, Mzee Hamimu, mfanyabiashara wa Ujiji anayeheshimika; na mimi kama msimamizi wa wodi.

Mzee Hamimu alishika barua ya Furaha, akaisogeza mbali na macho. "Huyu si yule Bubu? Sasa mgonjwa akimwita, itakuwaje?"

"Namwonea huruma kweli," alisema Dakta Elisha, "lakini wodi ni wodi."

Wakanitazama. Mimi niliyeona alichofanya kwa mikono yake. Nikasema, "Hata mimi sijui," na barua ikawekwa upande wa wasioitwa kwenye usaili. Ilichukua muda mfupi kuliko kufunga kitovu. Nilirudi nyumbani nikapikiwa samaki mgebuka wa nazi, chakula ninachokipenda kuliko vyote, nikakiacha nusu. Binti yangu akaniuliza kama naumwa. 

Nilikuwa nimeogopa, wanangu. Niliogopa kwamba nikimtetea nitaulizwa nimejuaje uwezo wake, na nikieleza nimejuaje, nitafika kwenye lile kofi.

Siku ya usaili walioitwa walikuwa watano. Kwenye benchi nikakuta sita. Furaha alikuwa amekaa mwisho, kitenge kipya, kilemba, bahasha mapajani. Pembeni yake mama yake, kaja na harufu yake ya dagaa na hakuiombea radhi. Dakta Elisha alipotoka kusema kwamba huyu hakuitwa, yule mama alisimama.

"Dokta, mutoto yangu haiko mujinga. Masikio ndiyo yamekufa, kichwa iko muzima. Mumuulize, atajibu. Akishindwa, tutarudi kwetu."

Mzee Hamimu alikuwa mtu wa aibu mbele ya wazazi. Akasema, "Haya, aingie. Kuuliza si dhambi."

Mama yake akabaki nje kwa hiari yake. Furaha aliingia, akatusalimia kwa kupiga goti kidogo, akakaa. Dakta Elisha aliandika swali kwenye karatasi akalisukuma mezani: Mgonjwa akikuita na wewe husikii, utafanya nini?

Furaha alilisoma, akaandika bila kusita. Mzee Hamimu ndiye aliyeichukua karatasi, akasoma kwa sauti: "Nimesafisha wodi hii miaka miwili. Wagonjwa huita sana. Nani huja?"

Mzee Hamimu akavua miwani, akanigeukia. "Sista Tausi, wodi ni yako. Ni kweli haya?"

"Ni kweli," nikasema. Nilisikia sauti yangu, ile ya kusikika dirisha la dawa, imekuwa ndogo. "Na kuna baya zaidi, mzee."

Nikasema yote. Mama aliyekuja kwa boti, kadi iliyonyamaza, kofi, kiganja cha Furaha, mizunguko miwili ya kitovu. Nilisema kwamba bila huyu dada tungeweza kumzika mtoto, na kwamba nililijua hilo siku barua yake ilipowekwa pembeni, nikanyamaza.

Dakta Elisha aliweka kalamu chini. "Sista, unajua unachokisema mbele ya kamati?"

"Najua."

"Nitalazimika kuandika."

"Andika, Dakta."

Furaha alikuwa anatutazama midomo, mmoja baada ya mwingine, bila kuelewa yote. Nikachukua karatasi nikamwandikia, "Nimewaambia kuhusu kofi." Alisoma. Kisha akavuta karatasi nyingine akaandika kwa muda mrefu, akampa Mzee Hamimu, si mimi. Alikuwa ameandika kwamba atazunguka vitanda vyote kila robo saa, aitwe asiitwe. Kwamba kila kitanda kiwekewe swichi ya kengele ya mlango, lakini badala ya kengele iwe taa, na taa zipangwe ukutani juu ya meza ya zamu. Alikuwa amechora na picha yake.

Mzee Hamimu aliitazama ile picha, akacheka kwa mshangao. "Mbona hii ingewafaa hata wanaosikia?"

Alipewa miezi mitatu ya majaribio. Mimi nilipewa barua ya onyo, ikawekwa kwenye faili langu, na ilikuwa haki yangu. Yule mgonjwa hakuwahi kuona barua hiyo, na wala haikumfutia kitu. Lakini niliisoma mara nyingi, na sikumpiga mgonjwa tena maishani mwangu. Mkiona mwenzenu ananyanyua mkono leba, msiseme uchovu, msiseme ndivyo tulivyokuta. Mshikeni.

Taa zilifungwa na fundi umeme wa Ujiji kwa siku moja. Wiki ya kwanza wagonjwa walizifanya mchezo. Mama mmoja alibonyeza mara sita asubuhi moja, na mara ya sita alitaka tu kuona kama kweli inawaka. Furaha alikwenda mara zote sita. Umeme ukikatika alizunguka tu, na wagonjwa wakajifunza kummulikia kwa simu zao. Haukupita muda tukagundua kwamba vitanda vyake havina kelele. Hakuna mtu anayepiga yowe wakati ameshaangaliwa robo saa iliyopita.

Yote hayakuwa asali. Mzazi mmoja alikataa katakata kuguswa naye, akasema mtoto wake atakuja kuwa bubu. Niliwasha mdomo wangu, Furaha akanishika bega, akatikisa kichwa. Akaenda kitanda cha jirani, akatandika, akamsaidia mama wa pale kumweka mtoto kwenye titi vizuri, maana hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake aliyoijua kuliko sisi wote. Alikuwa na macho ya kuona mtoto ananyonya au anadanganya. Yule aliyemkataa alitazama kwa pembe ya jicho mpaka mchana, mtoto wake analia, titi limejaa kama jiwe. Saa nane taa ya kitanda chake ikawaka. Furaha akaenda kama anavyokwenda kwa wote.

Na kuna habari ya kitanda cha leba. Alitujia fundi cherehani mmoja wa Ujiji, anatembea kwa magongo mawili, mcheshi hata kwenye uchungu. Alikitazama kitanda chetu akasema, "Jamani, hiki mlimtengenezea twiga?" Tulimpandisha kwa kumbeba wawili, akakaa kimya kwa mara ya kwanza. Mtu mzima kubebwa kama gunia si jambo dogo, hata wabebaji wawe na upendo. Furaha aliona uso ule. Kesho yake akanionyesha daftari, kachora kitanda kimekatwa miguu. Tukamwita fundi wa kuchomelea, akakata, na tangu siku hiyo akina mama wote, wenye magongo na wasio nayo, walitaka kitanda hicho kifupi. Nilipandisha watu kitanda kile kirefu miaka mingi, na kreti la soda chini kama ngazi, na sikuwahi kufikiri kwamba chuma kinakatika.

Baada ya muda Furaha akaenda chuo, kozi ya mwaka mmoja ya uhudumu wa afya. Hakupewa mkalimani. Alikaa mbele, akanakili daftari la jirani yake, akalipia kwa kumfundisha jirani huyo kufunga vidonda, na wakafaulu wote wawili. Mimi nilistaafu wakati huo huo. Akaajiriwa hospitali moja kule juu milimani, kwenye baridi, mbali na ziwa.

Tunazungumza kwa simu ya picha, vidole kwa vidole. Wajukuu wangu wananicheka, wanasema bibi anapigana na nzi. Siku moja akaniambia kwamba tangu afike wamemweka chumba cha kufulia. Ana cheti cha kuhudumia wagonjwa, na anafua mashuka. Walimwambia ni kwa usalama wake.

Nikapandwa na hasira. Nikamwonyesha kwamba nampigia matroni wao sasa hivi, namjua, tulisoma pamoja. Alinikatalia kwa mkono mmoja, mkali kabisa. "Usipige simu. Ni kazi yangu. Nimeandika barua."

Barua ya kwanza haikujibiwa. Akaandika ya pili. Nilikaa na simu yangu siku nyingi, natamani kulivunja katazo lake, sikulivunja.

Kumbe pale hospitali yupo muuguzi kijana anaitwa Edina, aliyewahi kuja kwetu kwa mafunzo ya vitendo, wiki sita tu. Alikuwa mkimya, nilimsahau. Alikwenda kufulia kuchukua mashuka, akamkuta Furaha, akashangaa. Kwa vidole vyake vibovu, vibovu kuliko vyangu, akamuuliza anafanya nini huku. Furaha akampa nakala ya barua. Edina akaenda nayo moja kwa moja ofisini kwa matroni, akaiweka mezani, akabaki amesimama.

"Nini tena, Edina?"

"Nasubiri uisome, matroni. Nimefanya kazi na huyu dada. Nikiwa leba namtaka awe upande wangu."

Hakuna aliyemtuma. Mimi sikujua hata kama yuko hospitali ile. Matroni akasoma, akauliza maswali, akaita watu wawili watatu. Mwisho wa wiki Furaha akahamishiwa wodi ya wazazi.

Jumatatu iliyofuata nilimpigia jioni, mara tu baada ya magharibi. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno makubwa. Nilitaka kusikia wamempokea vipi, matroni kasemaje, kahudumia wangapi, kama amelia. Akatokea kwenye kioo amejitupa ukingoni mwa kitanda na sare yake, kilemba kimekaa upande. Nikamuuliza kwa vidole: siku ya kwanza ilikuwaje?

Akasogeza simu mpaka chini, akanionyesha miguu yake imewekwa kwenye beseni la maji ya moto, imevimba. Kisha akarudisha uso wake, akakunja sura, akaniambia inamuuma kweli kweli kwa kuzunguka vitanda kutwa nzima, na kesho zamu yake inaanza saa moja asubuhi.